Upande wa Kushoto

Nina picha thelathini na moja za kichwa kimoja cha treni
na hakuna hata moja iliyopigwa kwa ajili yake.

Hii ni harusi ya Aikaruwa, mwaka sabini na nane:
shela, maua ya plastiki, wasimamizi wamekaza shingo,
na nyuma ya bega la bwana harusi, bafa,
duara jeusi la grisi, kama mgeni asiyealikwa
aliyewahi kufika na bado akakosa kiti.

Hii ni Kipaimara. Watoto saba, soksi nyeupe.
Mdogo wao ameegemea ngazi ya injini;
mama yake aliniambia gauni lile halikutakata tena.

Hii kuna mtu kaikata kwa mkasi, kamtoa mume.
Injini imebaki.

Vile vikubwa vya kwenda Tanga vilipigwa picha rasmi,
vikavishwa mashada, vikapungiwa vitambaa.
Hiki kifupi hakikwenda popote.
Ghala la kahawa hadi laini ya tatu,
laini ya tatu hadi matangi ya mafuta,
kikisukuma, kikirudi, kikisukuma,
kutwa nzima njiani na Moshi hakijatoka.
Watu wa stesheni walikiita Kitindamimba,
maana ndicho kilichotumwa na kila mtu.

Mimi nachomelea mageti, Pasua.
Wateja wanataka simba wawili, wanataka mikuki juu,
mmoja alitaka tai mwenye uso wa baba yake.
Picha nimezibandika ukutani, juu ya grainda.
Nikikwama natazama reling ya Kitindamimba
inavyokata kona bila kuringa,
chuma kimepinda pale tu mkono wa mtu unapofika,
basi nafuta chaki sakafuni, naanza upya.
Usiku nakata madebe ya mafuta ya kula
nakitengeneza chenyewe, urefu wa dhiraa moja.

Kuzipata ni kubisha hodi.
*Shikamoo. Nasikia marehemu alikuwa reli.*
Wengine wananidhani dalali wa viwanja.
Chai kwanza, halafu sanduku la chini ya kitanda,
halafu majina ya waliokufa, kwa mpangilio wa mistari,
na mimi na simu yangu, nimelipa dirisha mgongo
kioo kisimeremete, napiga picha ya picha.

Ila zote thelathini na moja ni ubavu wa kulia.
Kosa ni la Mlima.
Pua ya injini ilielekea Tanga,
na kila mpiga picha aliyewahi kusimama pale
alisema lile lile: sogeeni kidogo, Kibo kionekane.
Ule ubavu wa kaskazini
uliutazama Mlima peke yake, miaka yote.

Nikamfuata Eliaichi huko Njoro,
aliyefunga na kufungua mabehewa miaka kumi na tisa.
Nikamwuliza, kushoto kulikuwaje?
Alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini,
akainua mkono wake wa vidole vitatu hadi kifuani:
*Hapa palikuwa na kishikio.*
Mkono ukashuka. *Hapa ngazi. Ya pili imelegea,
ukishaizoea haikuangushi.*
Ukasogea tena, ukasimama.
*Hapa sijui.*
Vipi hujui, mzee, miaka kumi na tisa?
*Hapa nilikuwa nimening'inia mimi.
Nilikuwa naangalia mbele.*

Akakaa hivyo kidogo, kashika hewa,
goti limejikunja kutafuta ngazi ambayo haipo,
maganda ya ndizi yamemshika kwenye kaptula.
Nikapiga.
Hiyo ndiyo ya thelathini na mbili.

Kitindamimba cha madebe kiko juu ya kabati.
Kulia, kila ribiti mahali pake.
Kushoto kuna kishikio, kuna ngazi mbili, moja inacheza,
na kati yake nimeacha bati kama lilivyotoka dukani:
nusu ya ua la alizeti,
na neno LITA bila tarakimu yake.